Je, Wajua? Kigego wa Nguu, Nabii wa Juba na Wenzao wa Ugiriki

Je, wajua kwamba mwanzilishi wa ukoo uliotawala Usambara kwa zaidi ya miaka 150 alipaswa kuuawa akiwa mtoto mchanga? Jina lake Mbegha. Kwao ni milima ya Nguu, ambayo sehemu yake kubwa leo iko wilaya ya Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Alipoanza kuota meno, ya juu yalitangulia. Kwa watu wa zamani wa huko, na wa pwani vilevile, mtoto wa namna hiyo ni kigego, na kigego hakuachwa akakua. Ilisadikiwa kwamba akibaki hai atawamaliza jamaa zake mmoja baada ya mwingine. Wazazi wa Mbegha hawakukubali auawe, wakamlea. Walipofariki, jamaa wakamgeuka: kila msiba ukawekwa mlangoni pake, na siku ya kugawa urithi akaambiwa hana fungu. Akachukua mikuki yake, mbwa wake na mkoba wake wa dawa, akaondoka Nguu.

Nimeanza na huyu makusudi. Kijana wa Korogwe aliyemaliza kidato cha nne anamjua Hercules, na ukimuuliza Achilles ni nani atakuonyesha kisigino. Mbegha, ambaye njia yake ilipita nyuma ya nyumba yao, pengine amelisikia jina tu. Basi safu ya leo ni ya watu wa visa waliosahauliwa: wa kwetu kwanza, halafu wale wa Ugiriki ambao hata Wagiriki wenyewe huwataja mara chache. Nimewaweka pamoja kwa kuwa wanafanana kwa jambo moja zito. Karibu wote ni watu waliokataliwa kwao, kisha wakajenga kwingine.

Je, wajua kwamba Wagiriki nao walikuwa na kigego wao? Huko Korintho lilitawala kundi la ukoo mmoja, Bacchiadae, watu waliokuwa wakioana wenyewe kwa wenyewe. Binti mmoja wa ukoo huo, Labda, alikuwa kiwete. Hakuna ndugu aliyemtaka, akaozwa mtu wa nje aitwaye Eetion. Kisha ukatoka utabiri katika hekalu la Delphi kwamba mtoto wa mama huyu atawaporomokea watawala kama jabali. Wakubwa wakatuma watu kumi wakammalize akiwa bado ananyonya. Njiani wakapatana: atakayekuwa wa kwanza kumpokea mtoto ndiye atakayembamiza chini.

Wakabisha hodi. Labda akadhani ni wageni wa heri waliokuja kumwona mtoto wa ndugu yao, akamweka mikononi mwa yule wa mbele. Mtoto akamtazama, akacheka. Yule mtu akaishiwa nguvu, akampasia wa pili. Wa pili akampa wa tatu. Mtoto akapita mikono yote kumi akarudi kwa mama yake mzima. Nje ya mlango wakaanza kulaumiana kwa sauti, na Labda akasikia kila neno. Waliporudi ndani kwa nguvu, mtoto alikwisha fichwa ndani ya chombo cha kuhifadhia vitu, ambacho wengine husema kilikuwa kasha na wengine mzinga wa nyuki. Mtu wa Handeni, aliyezoea kuona mizinga ikining'inia mitini, hahitaji kuelezwa jinsi mtoto mchanga anavyoweza kuenea humo. Wauaji wakatafuta, wakakosa, wakaenda kusema kazi imekwisha. Mtoto huyo, Cypselus, alikuja kuwaondoa Bacchiadae na kuitawala Korintho kuanzia mwaka 657 hivi kabla ya Kristo. Aliyetuhifadhia kisa hiki ni Herodotus, na kwa maoni yangu kule kucheka kwa mtoto kunazidi vita vyote vya Troya kwa uzito.

Je, wajua kwamba Mbegha hakukimbia mara moja bali mara mbili? Kutoka Nguu alifika Kilindi. Huko akapokewa vizuri, maana alikuwa mwindaji hodari na nguruwe mwitu walikuwa wakimaliza mashamba. Alikuwa mkarimu wa nyama. Vijana wakampenda, na aliyempenda zaidi ya wote ni mtoto wa zumbe, mtawala wa mji. Kijana huyo akaomba kwenda naye porini, akaomba tena. Siku moja wakaenda. Nguruwe aliyejeruhiwa akawageukia, akamrarua mtoto wa zumbe, akafa pale pale msituni.

Hebu jiweke katika nafasi ya Mbegha saa ile. Kwao amefukuzwa kwa kuambiwa kwamba yeye ni kifo cha watu. Sasa mtoto wa mwenyeji wake, rafiki yake wa damu, amelala mbele yake. Nani atamwamini akisema ni nguruwe? Hata vijana waliokuwa naye hawakuthubutu kurudi mjini kutoa habari. Wakafuatana naye wakatokomea.

Je, wajua kwamba kisa hichohicho, karibu jambo kwa jambo, kipo katika kitabu cha kwanza cha Herodotus? Adrastus, kijana wa nyumba ya kifalme ya Frigia, alimuua ndugu yake bila kukusudia, akafukuzwa na baba yake. Akaja Sardis, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, kwa mfalme Croesus, yule tajiri aliyekuwa mfano wa utajiri duniani. Croesus akamtakasa damu, akamweka nyumbani kwake bila kumdai chochote. Mfalme huyo alikuwa na mtoto wa kiume aliyempenda kuliko vyote, Atys, na alikuwa ameota kwamba mtoto huyo atauawa kwa ncha ya chuma. Akamzuia vita. Akaondoa hata mikuki iliyotundikwa ukutani, isije ikamwangukia.

Nguruwe mwitu mkubwa akatokea mlima Olympus wa Misia (si ule Olympus wa miungu), akawa anaharibu mazao. Wakulima wakaomba msaada. Atys akamwambia baba yake: nguruwe ana mikono gani, na chuma gani? Croesus akashindwa hoja. Akamwita Adrastus, akamkabidhi mtoto amlinde. Wawindaji wakamzunguka mnyama, wakarusha mikuki, na mkuki wa Adrastus ukamkosa nguruwe ukampata Atys. Croesus alimsamehe. Adrastus hakujisamehe. Watu walipokwisha ondoka makaburini, alijiua juu ya kaburi la kijana.

Mgeni aliyefukuzwa kwao, mwenyeji mwema, mtoto wa mfalme, nguruwe, kifo. Sisemi kwamba kuna aliyemsimulia mwenziwe, maana Sardis na Kilindi ziko mbali mno. Watu wanaolima wanamjua nguruwe mwitu, na watu wenye watoto wanajua hofu ya kumkabidhi mtoto kwa mgeni. Tofauti iko mwishoni. Mgiriki alikata tamaa akafa. Mbegha alivuka mto.

Mto wenyewe ni Ruvu, ndio Pangani, unaopita Korogwe. Ng'ambo yake inaanza milima ya Usambara.

Je, wajua kwamba ukoo wa Mbegha ulichukua jina la mahali alipokimbia kwa hofu, wala si la mahali alipozaliwa? Wanaitwa Wakilindi mpaka leo.

Je, wajua kwamba ufalme wa Usambara, kwa mujibu wa kisa hiki, ulinunuliwa kwa nyama? Hakuna vita katika masimulizi ya kuingia kwa Mbegha. Watu wa Zirai waliona moshi porini, wakaenda kuangalia, wakakuta wawindaji na nyama tele. Wao walikuwa na chakula cha shamba bila kitoweo. Wageni walikuwa na kitoweo bila chakula cha shamba. Wakabadilishana. Habari zikapanda Bumbuli, watu wa Bumbuli wakaja kumchukua awaondolee nguruwe mashambani. Akawaua nguruwe, akagawa nyama, akaamua kesi zao, akapewa mke. Kutoka Bumbuli sifa zikafika Vugha, na watu wa Vugha nao wakaja kumwomba.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti Usambara katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake juu ya ufalme wa Washambaa mwaka 1974, alilikazia macho jambo hili la nyama. Aliona kwamba kisa kinamhamisha Mbegha polepole kutoka porini hadi nyumbani: mwanzo ni mtu wa msitu, mla nyama, asiye na mke wala ndugu, mwisho ni mtu wa mji, mwenye wake, anayepewa chakula cha mashamba na watu wake. Kila hatua ya safari, kutoka Nguu hadi Kilindi, Zirai, Bumbuli na Vugha, inampunguzia upori. Hicho ndicho kinachonifanya nikiheshimu sana kisa hiki. Wazee walioketi wakakisimulia walikuwa wakifikiri juu ya utawala: mtu wa hatari anageukaje kuwa mtu wa kuponya nchi? Swali hilo wanafalsafa wa Athene waliandika vitabu vizima juu yake.

Je, wajua asili ya jina la sifa la wafalme wa Usambara, Simba Mwene? Mbegha alipokuwa akihamia Vugha, usiku simba alivamia, naye akamuua. Asubuhi watu wakaona mnyama amelala chini, wakamwita mfalme wao simba. Mtoto wake mkubwa, Bughe, naye kisa kinamfungamanisha na simba huyo. Tangu hapo kila aliyekalia kiti cha Vugha aliitwa hivyo, hadi Kimweri Mputa Magogo, wa mwisho kutawala kabla serikali ya Tanganyika huru haijaondoa vyeo vya machifu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Je, wajua kwamba simba mwingine alimponya kigugumizi mwasisi wa mji wa Kigiriki barani Afrika? Battus wa kisiwa cha Thera alikuwa na kigugumizi kikali. Alikwenda Delphi kuuliza dawa ya sauti yake. Hakupewa dawa; akaambiwa aende Libya akajenge mji. Alisita na kuzungushwa miaka, hata alipojaribu kurudi Thera wenzake walimfukuza kwa mawe wasimruhusu kushuka. Mwishowe, mnamo mwaka 630 hivi kabla ya Kristo, ulianzishwa mji wa Kirene, katika Libya ya leo, na ukoo wake ukatawala vizazi vinane. Pausanias, msafiri wa Kigiriki wa karne ya 2, anaongeza kwamba huko Battus alikutana na simba uso kwa uso, akapiga ukelele wa hofu, na tangu siku hiyo maneno yakamtoka bila kukwama. Biblia inamtaja mtu wa mji huo: Simoni Mkirene, aliyebeba msalaba.

Je, wajua kwamba Simbamwene amewahi kuwa mwanamke? Katikati ya karne ya 19 Mzigua mmoja aitwaye Kisabengo alihama Uzigua na watu wake akajenga ngome chini ya milima ya Uluguru, pale ilipo Morogoro leo. Binti yake alirithi utawala na kujulikana kwa jina hilo la Simbamwene. Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akausifu mji kwa kuta zake za mawe na minara yake. Huyu si mtu wa kisa, ni wa historia kamili, lakini nimemtia humu ili msomaji aone jinsi jina lilivyosafiri.

Je, wajua kwamba kifo cha Mbegha kilifichwa? Wazee wachache waliokuwa karibu naye walinyamaza, wakamzika kwa siri, huku wakimtuma mtu Bumbuli kumleta Bughe. Watu wa mji walipojua mfalme amekufa, mfalme mwingine alikwisha kaa. Desturi ya mrithi kukaa Bumbuli akisubiri zamu yake iliendelea hata karne ya 19: Kimweri ye Nyumbai, mkuu kuliko wote wa ukoo huu, aliyetawala hadi mwaka 1862, alimweka Bumbuli mwanawe Mnkande. Kimweri huyo ndiye aliyempokea Vugha mmishonari Johann Ludwig Krapf mwaka 1848, na tena mwaka 1852.

Sasa, haya yote tunayajuaje? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mtu tunayemdai shukrani hatajwi inavyostahili.

Je, wajua kwamba kisa cha Mbegha kiliandikwa kwa Kiswahili, na mtu wa huku, kabla mzungu yeyote hajakiandika kikamilifu? Mwandishi ni Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyefariki mwaka 1912. Upande wa mama yake alikuwa na damu ya Kizigua. Alikaa miaka mingi Mazinde, katika wilaya ya Korogwe ya sasa, kwa Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai. Semboja ndiye yule aliyeikataa Vugha ya milimani akajenga tambarare, karibu na njia ya misafara, akifanya biashara ya pembe na bunduki na kuvaa kipwani. Baada ya baba yake kufa alimwondoa mpwa wake Shekulwavu katika utawala, akamweka Vugha mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu, yeye akabaki Mazinde akishika nguvu halisi mkononi. Abdallah aliyaona mengi ya mambo hayo kwa macho yake. Ya kale aliyasikia kwa wazee waliokuwa wakikaa barazani kwa Semboja.

Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilitolewa kwanza kwa sehemu na mashine ya kupigia chapa ya misheni ya Magila, huko Msalabani, Muheza, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Fikiria hilo: Mwislamu wa pwani anaandika kisa cha mganga mwindaji wa Nguu, na wamishonari wa Kianglikana wanakipiga chapa. Mwaka 1962 J.W.T. Allen alikihariri kikatoka upya. Alice Werner naye, mwalimu wa Kiswahili huko London, alikichukua kisa hicho akakipa sura nzima katika kitabu chake cha visa vya Wabantu cha mwaka 1933, na kwa njia hiyo wasomaji wa Uingereza wakamjua Mbegha wakati watoto wengi wa Handeni hawamjui. Kiswahili cha Abdallah ni chepesi, cha mtu anayezungumza. Herodotus alifanya kazi ya namna hiyohiyo, ya kwenda kwa watu, kuuliza, kusikiliza na kuandika, naye dunia humwita baba wa historia. Abdallah anastahili kusomwa katika kila sekondari ya mkoa wa Tanga, na nasema hivyo bila kupunguza neno.

Je, wajua kwamba Wazigua, Wanguu, Wabondei na Washambaa hujihesabu watoto wa mtu mmoja, Seuta? Wataalamu wa lugha walipogundua kwamba lugha za makabila haya manne kweli zimetoka shina moja, waliliita kundi hilo Seuta, kwa jina la babu wa masimulizi.

Je, wajua kwamba Liyongo wa pwani ya kaskazini ya Kenya ana mwenziwe Krete? Fumo Liyongo, aliyenyimwa utawala na kuwindwa na jamaa yake, hakudhuriwa na silaha yoyote ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Talos, jitu la shaba nyeusi, alikizunguka kisiwa cha Krete mara tatu kila siku akiwarushia mawe wageni. Mwilini alikuwa na mshipa mmoja tu, uliozibwa kwa msumari kwenye kifundo cha mguu. Mchawi Medea alimlaghai, msumari ukachomoka, uhai wake ukamwagika mchangani. Liyongo alichomwa na mwanawe mwenyewe akiwa usingizini. Alijikokota hadi kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa katika hali hiyo, na watu wa mji siku kadhaa hawakuthubutu kuteka maji wakidhani bado anawalenga.

Nimemalizia na mwanamke, kwa sababu kisa chake ndicho kinachoniuma na kunifurahisha zaidi, na ndicho kilichorudi Handeni.

Je, wajua juu ya Wanakhucha? Katika miaka ya 1830 ukame ulifululiza Uzigua. Njaa ikawa kali hata watu wakajiweka rehani kwa wenye chakula huko pwani, au wakakubali kupanda majahazi kwa ahadi kwamba wanapelekwa kufanya kazi ya ujira, wakishiba watarudi. Majahazi yaliwashusha pwani ya Benadir, Somalia, wakauzwa. Wakalimishwa mashamba ya watu katika bonde la mto Shabelle.

Masimulizi ya Wazigua wa Somalia yanasema kwamba miongoni mwao alikuwamo mama mganga, mwenye kuona yajayo, Wanakhucha. Ndiye aliyewakusanya kwa siri na kupanga siku ya kutoroka. Nia ilikuwa kurudi kwao: kushika njia ya kusini, kuufuata upande ilipo bahari, hadi watakapoiona milima yao. Walitoka. Watoto migongoni, wazee mikononi, wakikimbia mabwana nyuma na kujilinda na watu wa mbele. Wakafika mto Juba, kwenye misitu minene iliyojaa mbung'o, mahali ambapo wafugaji hawakupenda kuingiza mifugo yao. Hapo ardhi ikatetemeka. Wengine walitaka kuendelea na safari. Wanakhucha akasema tetemeko hilo ni ishara: hapa ndipo, tukae tulime. Wakakaa. Katika miaka ya 1840 vijiji vyao vilikwisha simama kando ya Juba, na eneo hilo likaitwa Gosha, kimbilio la watu wengine wengi waliotoroka utumwa, Wayao, Wamakua na Wanyasa.

Hebu lipime lile neno lake. Watu wametoroka ili warudi kwao, na kiongozi anawaambia wasiende. Ni rahisi zaidi kuongoza watu kwenye jambo wanalolitamani. Yeye aliwazuia, wakamsikia, na wakapona; maana kati ya Juba na Uzigua kulikuwa na jangwa, na kwenye pwani yote hiyo biashara ya utumwa ilikuwa ikiendelea.

Je, wajua kwamba Ugiriki ina Wanakhucha wake, naye hajulikani vilevile? Manto, binti wa Tiresias yule mwaguzi kipofu, alichukuliwa mateka mji wa Thebes ulipoanguka. Washindi walimpeleka Delphi kama fungu la mungu Apollo katika nyara zao. Kutoka hapo alitumwa na wenzake ng'ambo ya bahari, pwani ya Asia Ndogo, wakakaa karibu na Colophon, na kisa kinasema penye machozi yake, alipoililia nchi yake, ndipo lilipoanzia hekalu la uaguzi la Claros. Mateka, mwaguzi, mwasisi wa makao mapya. Hadithi za Thebes tunazosomeshwa zinasimama kwa Oedipus na wanawe, huyu binti anaachwa mlangoni.

Mtoto wa Manto aliitwa Mopsus. Je, wajua kwamba alimuua mwaguzi mkuu wa vita vya Troya kwa swali la tini? Mwaguzi huyo, Calchas, alipofika Claros, walishindana. Kwa masimulizi ya Hesiod, Calchas ndiye aliyeuliza mti wa mtini uliokuwa mbele yao una tini ngapi. Mopsus akataja idadi, akasema zitajaza kipimo fulani na moja itabaki nje. Zikachumwa, zikapimwa, ikabaki moja. Calchas akafa kwa uchungu.

Je, wajua kwamba safari ya Wanakhucha ilikamilika baada ya karne moja na nusu? Somalia ilipovunjika mwaka 1991, wakulima wa Juba walijikuta hawana wa kuwalinda: ghala zao ziliporwa na kila kundi lenye silaha. Wakakimbia. Wengi waliingia kambi za Dadaab, Kenya. Wengine walishuka kwa vyombo vya baharini hadi Tanga, wakapelekwa kambi ya Mkuyu, wilayani Handeni. Huko walisema Kizigua na wenyeji wakaelewana nao. Lugha hiyo walikuwa wameihifadhi kando ya Juba muda wote huo, vizazi kwa vizazi, pamoja na ngoma na majina ya koo. Mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, Handeni hiyohiyo, wakapewa ardhi ya kulima, na wengi wao baadaye wakapata uraia wa Tanzania.

Mwaka huohuo wa 2003 wenzao waliobaki Kenya walianza kupelekwa Marekani, katika mpango uliohusu watu wapatao 12,000 wa jamii za Wabantu wa Somalia. Baadhi walitua katika miji kama Lewiston, jimbo la Maine, penye theluji miezi mingi ya mwaka. Kizigua kinasemwa huko pia.